Kuingiza tovuti ya biashara kwenye saraka za mtandaoni: anza na karatasi moja

Fungua saraka ya biashara mtandaoni, yaani orodha ya biashara, simu na mahali zilipo, chagua Mbeya, tafuta gereji au gesti, kisha soma kwa makini kinachokuja. Hutachelewa kukuta duka linalofunguliwa saa nane usiku. Utakuta biashara za Uyole, Iyunga na Mwanjelwa, pini zao zote kwenye ramani zimerundikana sehemu moja katikati ya mji. Utabonyeza linki ya tovuti, na ukurasa haupo. Wenye biashara hizo hawakumdanganya mtu. Walijaza fomu harakaharaka, kila saraka kwa namna yake, na fomu ikapokea kilichoandikwa.

Hapa nazungumza na mtu ambaye tovuti anayo tayari, ya lodge, ya yadi ya mbao, ya kuuza parachichi au ya kufundisha udereva, na sasa anataka ipatikane kwenye saraka. Kujaza fomu yenyewe ni dakika 15. Kazi nzito inakuja kabla ya fomu, na nyingine baada yake.

Karatasi mama

Usifungue akaunti yoyote kabla hujaandika ukurasa mmoja wenye taarifa zote za biashara, neno kwa neno, namna zitakavyoonekana kila mahali. Mimi huuita karatasi mama. Uandike kwenye faili la kompyuta au kwenye simu, pale ambapo unaweza kunakili na kubandika, maana kosa linaanza pale unapoandika upya kwa kukumbuka. Injini za utafutaji, kama Google, hulinganisha saraka moja na nyingine. Zikikuta majina mawili na namba tatu za simu, zinaweza kudhani ni biashara mbili tofauti, au zikaamini ile taarifa ya zamani.

Jina ni lile lililo kwenye bango la mlangoni. Kama BRELA umesajili jina refu lenye "Company Limited" lakini bango, risiti na wateja wanatumia jina fupi, tumia la bango, kisha lile la usajili liweke kwenye tovuti katika ukurasa wa mawasiliano ili mkaguzi wa saraka aone uhusiano. Usibandike sifa wala mji kwenye jina. "Pembejeo Bei Nafuu Uyole Mbeya Mbolea na Mbegu" si jina, ni tangazo, na Google, ambayo nayo ina saraka yake, inaweza kukurekebishia bila kukuuliza au kuusimamisha ukurasa wako kabisa.

Simu iandikwe kwa mfumo wa kimataifa: +255 halafu tarakimu tisa, bila ile sifuri ya mwanzo. Watu huandika +255 07 na mteja aliye nje ya nchi akibonyeza simu haiendi. Kama una simu ya mezani, Mbeya ni +255 25 na Iringa ni +255 26. Chagua namba moja iwe kuu. Iwe laini ya biashara, si ya kijana wa kaunta ambaye mwakani atakuwa Dodoma na laini yake. Laini isiyotumika muda mrefu hufungwa na baadaye inaweza kupewa mtu mwingine kabisa, naye ataanza kupokea simu za wateja wako.

Imeili vilevile. Akaunti zote za saraka zifunguliwe kwa imeili moja ambayo nenosiri lake analo mwenye biashara. Hili ndilo linaloumiza watu kuliko yote: fundi wa tovuti anafungua kila kitu kwa imeili yake binafsi kwa nia njema kabisa, miaka miwili baadaye hapatikani, na hakuna anayeweza kubadilisha hata namba ya simu. Google ina utaratibu wa kuomba umiliki wa ukurasa ulioko mikononi mwa mwingine. Saraka nyingi ndogo hazina utaratibu wowote.

Saa

Fomu za saraka huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, wakati sisi tunahesabu kuanzia alfajiri. Ukiandika 2:00 ukimaanisha saa mbili asubuhi, saraka inaelewa saa nane usiku. Ukiandika mnafunga 12:00 ukimaanisha saa kumi na mbili jioni, inaelewa saa sita mchana. Basi kuanzia saa sita mchana ukurasa wako unasema "imefungwa", mlango uko wazi, na mteja aliyeshuka stendi ya Kabwe anasoma simu yake na kwenda kwa jirani.

Ongeza 6 kwa saa za mchana, kuanzia saa 1 asubuhi: saa 2 asubuhi ni 08:00, saa 6 mchana ni 12:00, saa 12 jioni ni 18:00. Kwa saa za usiku kabla ya saa sita ongeza 18, kwa hiyo saa 3 usiku ni 21:00. Fomu ikiwa na AM na PM, saa 12 jioni ni 6:00 PM. Kwenye karatasi mama ziandike kwa tarakimu nne tu ili pasiwe na kubahatisha. Kama mnafunga Jumamosi kwa ajili ya Sabato, liandike hilo pia. Mteja anayesafiri kutoka Chunya hatafurahi kuligundua mlangoni.

Anwani na pini

Anwani ndiyo sehemu ngumu kwetu, na inastahili nusu saa yako nzima.

Sanduku la posta halifai. S.L.P. ni mahali pa kupokea barua, na Google haiikubali kama anwani ya mahali biashara ilipo. Tumia jina la barabara au mtaa na namba ya nyumba iliyo kwenye kibao, ile iliyotolewa wakati wa operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, kisha kata, mji, mkoa na postikodi. Postikodi zetu zina tarakimu tano. Za Mbeya zinaanza na 53, za Iringa 51. Ile ya kata yako ipo kwenye mfumo wa anwani za makazi, NaPA. Baada ya hapo, kama kuna nafasi, ongeza alama inayojulikana: mkabala na soko, jirani na mzani, upande wa kushoto ukitokea Tukuyu. Alama hiyo isichukue nafasi ya anwani.

Mkoa una mtego wake. Njombe ilitoka Iringa mwaka 2012, Songwe ikatoka Mbeya mwaka 2016, na zipo saraka za nje ambazo orodha yake ya mikoa haijawahi kuguswa tangu hapo. Mtu wa Vwawa au Tunduma anaitafuta Songwe kwenye fomu haioni, wa Makambako haioni Njombe. Usichague mkoa wa mbali ilimradi fomu ipite. Chagua ule wa zamani ambao eneo lako lilitoka, kisha kwenye mstari wa anwani andika wazi "Tunduma, Mkoa wa Songwe". Weka alama kwenye karatasi mama kwamba saraka hiyo ina kasoro, uwaandikie waiongeze, na siku wakiongeza urudi kubadilisha.

Sasa pini. Mfumo ukishindwa kuielewa anwani, mara nyingi unatupa pini katikati ya mji. Ndiyo sababu ya ule mrundikano niliousema. Usikubali pini iliyojiweka yenyewe. Badili ramani iwe ya picha za setilaiti, ikuze mpaka uone mabati ya jengo lako, kisha buruta pini mpaka upande wa mlango unaotazama barabara. Usiiache juu ya ghala la nyuma, kwa sababu dereva wa bodaboda au wa lori ataletwa na ramani mpaka uchochoro wa nyuma. Ukiwa na mashaka, toka nje, simama mlangoni na simu, washa GPS, subiri kile kiduara cha bluu kipungue, ndipo ubonyeze skrini na kushikilia.

Ukibonyeza hapo kwenye Google Maps utaona pia Plus Code: herufi na tarakimu nne, alama ya kujumlisha, mbili zaidi, halafu jina la mji. Inataja eneo la takriban mita 14 kwa 14, inatosha kumfikisha mtu kwenye fremu sahihi hata mtaani kusiko na namba za nyumba. Inakili kwenye karatasi mama, na uiweke kwenye tovuti pia.

Saraka nyingine huomba latitudo na longitudo. Mbeya iko karibu na latitudo -8.9 na longitudo 33.4, Iringa karibu na -7.8 na 35.7. Ile alama ya kutoa ndiyo inayosema tuko kusini mwa Ikweta. Ukiisahau, biashara yako ya Mbeya inaonekana Sudan Kusini. Ukigeuza namba mbili hizo, moja ikakaa mahali pa mwenzake, inaangukia bahari ya Atlantiki, nje ya pwani ya Moroko. Andika tarakimu tano baada ya nukta, ambazo zinafika karibu mita moja. Mbili peke yake zinaweza kukupeleka mtaa wa pili, kwa sababu tarakimu ya pili ina uzito wa kilomita moja na kidogo.

Kategoria na maelezo

Kategoria inaamua utaonekana mteja akitafuta nini, kuliko hata maelezo. Chagua moja kuu, iliyo finyu kadiri inavyowezekana. Google inakuruhusu kuongeza nyingine hadi tisa, lakini mbili au tatu za kweli zinatosha. Angalia maneno yetu yasikupoteze. "Hoteli" mtaani kwetu inaweza kuwa mahali pa kula chipsi na supu, lakini kwenye saraka ni mahali pa kulala, na mgahawa uliojiweka huko utapigiwa simu za kuulizia vyumba. Gesti, lodge na hosteli kila moja ina kategoria yake. Duka la dawa muhimu, utaratibu ulioanzia Ruvuma mwaka 2003, si famasi, na kujiandika famasi ni kudai kibali usichokuwa nacho. Mashine ya kukoboa mpunga Ubaruku ni kiwanda cha usindikaji hata kama mbele kuna meza ya kuuzia mchele.

Maelezo andaa mapema kwa urefu wa aina tatu: herufi 150, 300 na 750. Google mwisho wake ni 750. Ukiacha fomu ikukatie, itakata katikati ya sentensi.

Tuchukue yadi ya mbao Mafinga. Haya ni maelezo yanayotumwa kila siku: "SISI NI KAMPUNI INAYOONGOZA KWA MBAO BORA TANZANIA. TUNAJALI WATEJA. PIGA SIMU SASA!!!" Mhariri wa saraka anaona herufi kubwa, alama za mshangao na dai lisilopimika, anakataa. Akiyakubali, mteja bado hajui kitu. Linganisha na haya: "Tunauza mbao za paini na mkaratusi, 2x4, 2x6 na 1x8, urefu wa futi 12, kavu na zilizotiwa dawa. Tunapasua kwa oda na kupakia kwenye lori hapa yadini, Mafinga mjini. Mzigo uliopo na bei ya wiki viko kwenye tovuti." Mafundi wa Dodoma watatafuta vipimo hivyo hivyo, na sentensi ya mwisho inawapa sababu ya kubonyeza linki. Namba ya simu isiingie kwenye maelezo, ina sehemu yake.

Saraka za watu wa hapa andika Kiswahili. Zile zinazosomwa na wageni wanaokwenda Ruaha au Kitulo andika Kiingereza kilichopitiwa na mtu anayekijua. Tafsiri ya mashine isiyopitiwa inaonekana mara moja, na mgeni anayetafuta pa kulala anahofia kwamba na uwekaji nafasi utakuwa hivyo hivyo.

Picha: JPG au PNG, si chini ya pikseli 720 kwa 720, uzito kati ya KB 10 na MB 5 kwa Google, na vipimo hivyo vitakutosha kwingine pia. Picha iliyopita WhatsApp kama picha huwa imebanwa, kwa hiyo mwambie anayekutumia aitume kama faili. Usiandike maneno wala namba ya simu juu ya picha. Piga ya nje yenye bango asubuhi, jua likiwa upande wa mlango, moja ya ndani, na moja ya bidhaa au chumba.

Tovuti iwe tayari kukaguliwa

Saraka yenye wahariri itatuma mtu kuiangalia tovuti. Isiyo na wahariri itatuma roboti, yaani programu inayosoma kurasa. Wote wawili wanakwama kwenye mambo yaleyale.

Linki iandikwe kwa sura moja. Kama tovuti inafunguka kwa https na bila www, basi hiyo ndiyo anwani, na zile sura nyingine zikupeleke hapo zenyewe. Cheti cha usalama kiwe hai. Vya bure vya Let's Encrypt hudumu siku 90, na seva isipojihuisha yenyewe, kivinjari kitamwonyesha mgeni onyo jekundu badala ya ukurasa wako. Domeini yenyewe, yaani jina la tovuti, iwe .co.tz au .com, ina tarehe ya kuisha. Iandike kwenye karatasi mama, kwa sababu ikiisha saraka zote zinaelekeza hewani kwa siku moja.

Kosa jingine ni la kutisha kwa udogo wake. Tovuti nyingi za WordPress, mfumo wa kujengea tovuti, zilijengwa huku kisanduku cha kuzuia injini za utafutaji kikiwa kimetiwa tiki, kwenye mipangilio ya Reading, ili zisionekane kabla hazijakamilika. Tovuti ikakamilika, tiki ikabaki. Kiangalie leo. Angalia pia kama seva yako inazuia wageni wa nje ya nchi kwa ajili ya ulinzi: roboti ya saraka iliyoko Marekani itajibiwa kwamba hairuhusiwi, na ombi lako litarudi na maneno "tovuti haipatikani" wakati kwako Iringa inafunguka vizuri. Ijaribu kwa simu ya ndugu aliye nje, hiyo ndiyo njia nyepesi.

Kichwa cha ukurasa wa mwanzo kisiwe "Home" wala "Nyumbani". Saraka kadhaa huchota kichwa hicho na maelezo mafupi ya ukurasa moja kwa moja. Weka jina la biashara, kazi yake na mji. Chini ya kila ukurasa weka jina, anwani na simu kama zilivyo kwenye karatasi mama, kwa maandishi yanayosomeka, si ndani ya picha. Fundi wako akiweza, aongeze taarifa hizohizo kwa mfumo wa schema.org wa LocalBusiness, unaosomwa na mashine, pamoja na koodineti (latitudo na longitudo) na saa za kazi, ili mashine zisibahatishe.

Saraka zipi

Zamani jibu lilikuwa rahisi. Yahoo ilikuwa na saraka yake tangu 1994, na biashara zililipa dola 299 kwa mwaka kuangaliwa tu. DMOZ, iliyoanza 1998, ilikuwa bure na ilikaguliwa na watu wa kujitolea. Ya Yahoo ilifungwa mwishoni mwa 2014, DMOZ ikafuata Machi 2017. Hata hivyo bado wapo wanaouza "usajili kwenye saraka 500" kana kwamba tuko enzi hizo. Usinunue. Tangu sasisho la Google lililoitwa Penguin, Aprili 2012, rundo la linki kutoka saraka zisizosomwa na mtu linaweza kukushusha badala ya kukupandisha. Tena taarifa zako zinabaki kwenye kurasa 500 ambazo hutaweza kuzirekebisha ukibadili simu.

Chache zilizo hai zinatosha. Google Business Profile ni ya kwanza, na ni bure. Anayekupigia simu akidai ada ya kuwekwa Google Maps ni tapeli. Baada yake napenda sana OpenStreetMap, ramani huria ya dunia ambayo watu wetu huisahau: ramani zinazotumika bila bando, kama Organic Maps, zinachota huko, na mgeni anayekata kona kutoka Iringa kwenda Ruaha mara nyingi anatembea na ramani ya namna hiyo. Unafungua akaunti, unaweka jina, simu, tovuti na saa kwa mtindo wake, mfano Mo-Sa 08:00-18:00, na kazi imekwisha. Usinakili kitu kutoka Google Maps kwenda huko, leseni hairuhusu. Bing Places ya Microsoft na ramani za Apple zifuate, kila moja nusu saa. Wenye malazi na safari wajiweke TripAdvisor. Kama ni mwanachama wa TCCIA, chemba ya wafanyabiashara, au wa chama cha sekta yako, uliza kama kina orodha ya wanachama kwenye tovuti yake na uombe linki yako iwekwe. Linki moja ya namna hiyo naithamini kuliko saraka ishirini zisizo na uso.

Saraka usiyoijua ipime hivi. Andika Google neno site: likifuatiwa bila nafasi na anwani ya saraka, kisha neno Mbeya. Kama hakuna ukurasa unaotokea, hata Google haiisomi. Fungua biashara tatu za Mbeya zilizomo, zipigie simu. Kama mbili hazipatikani, ondoka. Tafuta mahali pa kuhariri baada ya kutuma. Kama hapapo, usiwape taarifa zako hata kama ni bure. Kama wanadai uwawekee linki kwenye tovuti yako kwanza, achana nao pia. Wapo watakaokwambia ukatae saraka ambayo linki zake zina alama ya nofollow, ile iliyoanza 2005 ya kuziambia injini zisiihesabu kura hiyo. Mimi siafiki. Mteja haoni alama hiyo, anaona linki na anabonyeza.

Kutuma na kuthibitisha

Kabla ya kuongeza biashara, itafute. Mteja au dereva anaweza kuwa ameshaiweka kwenye ramani miaka iliyopita kwa jina la mazoea, "kwa Mama fulani" au "gereji ya Mafiat". Ukiikuta, idai iwe yako, kisha urekebishe. Usifungue ya pili pembeni yake. Kurasa mbili za duka moja hugawana maoni ya wateja, na saraka ikigundua inaweza kufuta ile uliyoihangaikia.

Google mara nyingi huomba uthibitisho wa video. Inarekodiwa moja kwa moja kwa simu, bila kukata, angalau sekunde 30, na mambo matatu lazima yaonekane: mahali, biashara yenyewe, na kwamba wewe ni mhusika. Anzia barabarani, onyesha majengo ya jirani au kibao cha mtaa. Sogea kwenye bango mpaka jina lisomeke lote. Fungua mlango kwa ufunguo mbele ya kamera, ingia nyuma ya kaunta, onyesha bidhaa au vifaa, malizia na leseni ya biashara ukutani yenye jina lilelile. Epuka sura za wateja na karatasi za benki. Video huchelewa kupanda mtandao ukiwa dhaifu, hivyo irekodi pale 4G inaposhika na bando linatosha. Bango la karatasi lililobandikwa kwa selotepu linatia mashaka, afadhali usubiri la kudumu.

Kama unapikia keki nyumbani Gangilonga au unawafuata wateja kwao, ficha anwani na utaje maeneo unayohudumia. Google inaruhusu hadi 20, yasizidi mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka ulipo. Kuandika nchi nzima hakukusaidii.

Ukishakubaliwa, usibadilishe jina, simu na anwani kwa siku moja. Mabadiliko ya mkupuo yanafanana na biashara iliyoporwa na mtu, na mara nyingi utaombwa uthibitishe upya. Badilisha kimoja, subiri kikubalike, nenda kingine.

Ombi likirudi limekataliwa, soma sababu kabla ya kutuma tena. Nyingi ni zile nilizotaja: jina lenye matangazo, tovuti isiyofunguka, simu ya fomu isiyolingana na ya tovuti, ukurasa pacha. Rekebisha kwenye tovuti kwanza kisha kwenye fomu. Kutuma ombi lilelile mara tano kunakupeleka foleni ya watumaji taka.

Kuzitunza

Chini ya karatasi mama weka jedwali: saraka, anwani ya ukurasa wako humo, imeili uliyotumia, tarehe ya kutuma, hali, tarehe ya kukagua. Baada ya wiki tatu pita kila moja ukitumia simu ambayo haijaingia kwenye akaunti yako, bonyeza linki, bonyeza simu, fungua pini. Kisha kila miezi mitatu. Kwa wenye biashara za msimu, kama wanunuzi wa parachichi Njombe na Rungwe, rudi kila msimu unapofungua na unapofunga, ubadilishe saa.

Ukitaka kujua saraka ipi inaleta watu, ongeza mwishoni mwa linki ?utm_source= na jina la saraka, na takwimu za tovuti zitaonyesha. Saraka zinazokataa linki za namna hiyo ziwekee ya kawaida. Ukiwa huko, angalia kama ipo mahali linki yako bado inaishia na business.site. Zile kurasa za bure ambazo Google iliwapa wenye biashara zilizimwa Machi 2024, na linki zake zimebaki kwenye saraka nyingi kama milango iliyojengewa ukuta.

Na ukihama fremu, tuseme kutoka Sokomatola kwenda Uyole, tovuti ndiyo ibadilishwe kwanza, siku hiyohiyo Google ifuate, na nyingine zote ndani ya wiki moja kwa kufuata jedwali. Hariri anwani ya ukurasa uleule badala ya kufungua mpya, ili maoni ya wateja yahame nawe. Ikiwa mtu ameuacha ukurasa wa eneo la zamani ukielea, uripoti kwamba pamehamwa, na simama mlangoni pa Uyole na simu yako kuchukua Plus Code mpya kabla hujagusa saraka yoyote.